Fundi wa spidomita Gerezani, Dar: kazi safi, ila usiende ukiwa na haraka

Nina Isuzu la zamani, nabebea mchanga na mara mojamoja mahindi toka Moro. Mwaka jana nikatoa matairi ya 8.25-20 nikavalisha 9.00-20 lipate kimo, habari ya spidomita wala sikuiwaza. Siku hiyo napita kijijini kwenye 50, mshale uko 50 nauona kwa macho yangu, trafiki ananionyesha tochi ya kupimia mwendo: 58. Elfu 30 ikaenda hivyo na cha kujitetea sina.

Fundi wa kwanza (simtaji) alichomoa mshale, akausogeza mbele, akaurudishia, elfu 20 yake mfukoni. Aisee gari limepaki, limezimwa, mshale unasoma 8! Kwenye 50 ulikuwa sawa kweli, ila ukitembea 80 wenyewe unasema 77, na kwenye foleni unazidisha.

Ndo nikaelekezwa kwa huyu mzee wa Gerezani. Hata dashibodi hakuigusa, ananiuliza, "Na kilomita je, zinahesabu sawa?" Sijui mzee wangu. Akanirudisha barabarani nikahesabu vibao vya kilomita, vibao 50 saa yangu (hiyo spidomita) imehesabu 48. Kumbe hapo ndo kaugawa ugonjwa: namba za kilomita zinazungushwa na gia tupu, kwa hiyo zile mbili zilizopotea kala tairi, maana tairi kubwa linazunguka mara chache, na upungufu uliobaki kwenye mshale ni wa sumaku. Maana mshale haujashikana na kebo jamani, kebo inazungusha sumaku, sumaku inakiburuza kikombe cha aluminiamu, na kispringi chembamba kama unywele kinavutia nyuma, sumaku ikichoka inaburuza kivivu.

Ya tairi akaimaliza kwenye giaboksi, kale kagia ka plastiki kanakozungusha kebo kalikuwa na meno 22, akachakura kwenye kopo la maziwa lililojaa gia kuukuu mpaka akapata ka 21, meno yakipungua kebo inazunguka haraka zaidi. Sumaku akaichaji kwenye koili ya kujitengenezea, akaipitiliza makusudi, halafu akawa anaipunguza kidogokidogo huku saa inazungushwa na drili, mizunguko 637 kwa dakika mshale lazima ukae 60, ukizidi anapunguza tena, ukizidi anapunguza tena, nilikaa pale mpaka chai ikapoa. Kebo akaiosha na petroli akapaka grisi kiduchu chini tu, juu kakataa kabisa, anasema grisi ikipanda ndani ya saa umeiua. Ile tabia ya mshale kutetemeka ikaisha hapohapo.

Sasa lawama. Aliniambia Jumamosi mchana, gari nimetoa Jumatatu jioni na simu hapokei. Kioo kakirudishia na silikoni, imevimba pembeni kama keki ya mtoto. Elfu 90, risiti hakuna, na bei hapunguzi, ukibishana anakurudishia saa yako ilivyo. Na usimpelekee gari la spidomita ya umeme, hagusi.

Lakini juzi nimelipima, mshale nimeushikilia 60, mtu wangu kashika simu anahesabu sekunde, kibao hadi kibao: 61, 60, 61. Kwenye kijiji kilekile tochi ilikuwepo, nimepita na 48 yangu, trafiki hata hajainuka kwenye kiti.