Huduma ya lishe baada ya upasuaji wa kupunguza uzito: masharti nimeyashika, masimango siyataki

Naanza na nyota tatu kati ya tano, kabla hasira haijapanda. Upasuaji wenyewe sina la kuulalamikia. Daktari aliyenikata ni mtu wa maneno machache, vidonda vilifunga bila usaha wala homa, na uzito umeshuka kama alivyosema utashuka. Ninachokipima hapa ni ile huduma inayokuja baada ya kisu, ile iliyoandikwa kwenye makubaliano kuwa "ufuatiliaji wa lishe", ambayo niliilipia pamoja na mengine yote, na ambayo ndiyo unayobaki nayo siku daktari amekwishahamia kwa mgonjwa mwingine.

Nilifanyiwa baipasi. Sitaeleza upasuaji mzima, ila ili mnielewe: sehemu ya juu ya tumbo inatengwa, unaachiwa kimfuko cha mililita 30 hivi, kisha utumbo mwembamba unaunganishwa hapo. Mlango kati ya kimfuko na utumbo hauzidi sana sentimita moja. Kwa hiyo masharti ya chakula hayakuwekwa ili kumkomoa mtu. Mwanzo ni maji na supu iliyochujwa, halafu vinywaji vizito, halafu vyakula vya kusagwa, halafu laini, na chakula cha kawaida kinarudi taratibu baada ya miezi miwili hivi. Protini kwanza, gramu 60 hadi 80 kwa siku. Chakula na kinywaji haviendi pamoja. Ukishakula unasubiri kama nusu saa ndipo unywe. Maji lita moja na nusu au zaidi, lakini kwa mafunda madogo kutwa nzima, maana kugugumia ndiyo basi tena. Vinywaji vya gesi hapana. Dawa za maumivu za jamii ya ibuprofeni hapana, zinaleta vidonda pale kwenye maungio.

Niliyashika yote. Nalisema hili kwa kiburi kabisa, kwa sababu ndilo msingi wa ugomvi wangu. Nilikula kwa kijiko cha mtoto mchanga. Niliweka saa mezani. Watu wa nyumbani walikula, wakaondoa vyombo, wakaviosha, wakaanza kupiga miayo, mimi bado natafuna kipande cha samaki ambacho paka angekimeza bila kukiangalia mara mbili. Nilikuwa na daftari la kila kitu kilichopita mdomoni, na kila nilipohudhuria kliniki nilikwenda nalo. Hakuna aliyelifungua.

Basi, ikafika wiki ya tano au ya sita hivi. Yai lililopondwa, ambalo lilikuwa limezoea kupita vizuri, likaanza kukwama. Kukwama huko asiyekatwa hawezi kukuelewa. Katikati ya kifua panabana, mate yanajaa mdomoni, huwezi kukaa wala kusimama, unazunguka chumba umeshika kifua, na mwisho unatoa povu zito la ute. Nikadhani ni yai tu, nikaliacha. Siku zilizofuata samaki naye akakataa. Kisha supu nzito. Kisha nikajikuta maji yenyewe, funda moja la maji, yanakaa kidogo yanarudi.

Nikapiga simu ile namba waliyotupa, iliyoandikwa kwa wino mwekundu juu ya karatasi ya masharti: "Una swali? Tupigie." Akapokea mtaalamu wa lishe mwenyewe.

"Umekula nini?"

Hapo bado hatujasalimiana vizuri. Nikamwambia, supu.

"Supu haikwami, dada yangu. Kabla ya supu?"

Nikamwambia kabla ya supu ni supu. Nikamweleza yai, samaki, maji yanayorudi, siku zinavyozidi kwenda. Nikamsikia anavuta pumzi, ile ya mtu aliyechoka na watoto wa wenzake.

"Mkifika wiki ya tano mnaanza kujisahau. Mnaona nguo zinalegea, mnaonja hiki, mnaonja kile. Tumbo tumelikata, lakini tamaa hatuna mkasi wake. Rudi kwenye vinywaji, soma karatasi ukurasa wa kwanza, Jumatatu utakuwa sawa."

Halafu akacheka. Kidogo tu, kicheko cha mtu aliyefurahia maneno yake mwenyewe. Nina hakika nilikuwa mgonjwa wa ishirini kuambiwa habari za mkasi, maana ulitoka mdomoni umenyooka kabisa, hauna hata kikwazo.

Nilinyamaza. Mimi, mtu mzima, nikanyamaza kama mtoto aliyefumaniwa akidokoa jikoni, na sikuwa nimedokoa chochote. Nikarudi kwenye karatasi kama nilivyoamriwa. Nikasoma ukurasa wa kwanza. Kisha nikazisoma kurasa zote, na ndipo nilipogundua jambo ambalo mpaka leo linanipandisha presha: usile hiki, usinywe kile, usikae muda huu bila kula, usisahau vidonge, usi, usi, usi, mwanzo hadi mwisho. Hakuna popote palipoandikwa "ukiona hivi, usisubiri, njoo". Hata mstari mmoja.

Kwa hiyo nyota tatu zimeshakuwa mbili, na bado sijafika pabaya.

Hivi alishindwa nini kuniuliza mkojo wangu una rangi gani? Kama nikisimama naona giza? Kama vilianza kukataa vigumu, vikafuata laini, kisha vinywaji, au kama vyote vilikataa siku moja? Maswali matatu, dakika moja ya simu. Sasa najua kwa nini hayo ndiyo maswali. Mtu wa baipasi anayetapika siku nyingi anakauka maji haraka, kwa sababu hawezi kufidia kwa kunywa bilauri nzima kwa mkupuo kama wengine. Na kuna vitamini B1, ambayo akiba yake mwilini ni ya wiki chache tu. Ikiisha, kinachoumia ni ubongo na mishipa ya fahamu: macho yanacheza, miguu inapepesuka, kumbukumbu inapotea, na pengine hairudi yote. Kutapika namna hiyo si suala la adabu mezani.

Aliyeniokoa ni muuguzi wa zamu, mapokezi ya dharura, baada ya ndugu zangu kuchoka kunisikia nikisema "Jumatatu nitakuwa sawa". Hakuuliza nimekula nini. Aliuliza, "Mara ya mwisho kushika maji tumboni ni lini?" Nikataka kulia. Nikawekewa dripu, na nilimsikia akimkumbusha mwenzake B1 iingie kwanza kabla ya maji yenye sukari, maana kumpa sukari mtu aliyeishiwa B1 kunaweza kumharibu zaidi. Hayo yote aliyafanya bila hotuba.

Kesho yake wakanipitisha kamera kooni. Mlango ule, ule wa sentimita moja, ulikuwa umejifunga kwa kovu. Kamera yenyewe haikupita. Wakaupanua kwa puto maalumu, na jioni nikanywa maji yakashuka. Yalishuka! Sikumbuki kinywaji kingine maishani kilichonipa raha ile. Ilibidi kupanuliwa tena baadaye, lakini hilo halikunitisha. Daktari wa kamera aliniambia kwa lugha nyepesi kwamba kovu hilo linajulikana, kwamba hutokea zaidi miezi ya mwanzo, na dalili yake ndiyo ile ile niliyoieleza kwenye simu: vigumu vinaanza, vinywaji vinafuata. Mgonjwa hana alichokosea. Kumbe nilikuwa nimesoma maelezo ya ugonjwa wangu neno kwa neno kwa mtu aliyesomea kazi hiyo, naye akanijibu habari za tamaa.

Sasa ngoja niwe wa haki, maana najua kuna watakaosema nimemchukia tu. Mama yule anajua kazi. Hilo ndilo linalonichanganya. Ni yeye aliyenifundisha kuwa kalsiamu ya sitrati inatufaa kuliko ya kaboneti kwa sababu haitegemei sana asidi ya tumboni, na sisi asidi tumebakiwa nayo kidogo. Ni yeye aliyesema nisimeze kalsiamu yote kwa pamoja, niigawe miligramu 500 au 600 kila mara, na nisiichanganye na vidonge vya madini ya chuma, nipishanishe saa mbili angalau. Ni yeye aliyenieleza kwamba B12 sitaachana nayo mpaka nife. Kliniki nyingine, nasikia, unapewa kifuko cha vidonge na "kila la heri". Kwa elimu peke yake ningempa nyota nne. Labda hata nne na nusu.

Lakini elimu hiyo anaitoa siku anayokupenda. Siku una tatizo, anageuka hakimu.

Nimekaa kwenye benchi la kliniki ile nikasikia mengi. Mama mmoja alimwambia nywele zinatoka kwa mafungu. Jibu: "Huli protini." Hajauliza anakula kiasi gani, hajaangalia vipimo vya damu. Nywele kutoka mwezi wa tatu au wa nne ni jambo linalowapata wengi baada ya upasuaji na kupungua uzito kwa kasi, hata wale wanaozipima gramu zao, na kwa kawaida zinarudi. Angeweza kumwambia hivyo, akampima chuma na zinki, yule mama akaenda nyumbani amepumua. Alitoka akilia na kitambaa kichwani.

Na kuna kaka mmoja, yeye ndiye aliyenifanya niandike haya. Tulikuwa tunazungumza kabla hajaitwa. Akaniambia, taratibu, kwamba saa moja au mbili baada ya kula anatetemeka, jasho linamtoka, macho yanaingia ukungu, na juzi ilimpata akiwa anaendesha gari. Nikamwambia hiyo sukari inashuka, inatupata sisi wa baipasi. Chakula cha wanga kinateremka haraka mno utumboni, sukari inapanda ghafla, mwili unamwaga insulini kupita kiasi, kisha inaporomoka. Mwambie leo leo. Akaingia. Akatoka. Nikamuuliza umemwambia?

"Nimwambie nini? Ataniuliza nimekula nini."

Huyo ana usukani mkononi! Ana abiria nyuma! Na anaficha dalili kwa mtaalamu wa lishe kwa sababu anaogopa kusimangwa. Benchi zima lile tunafanya hivyo. Nje tunaambizana ukweli wote, nani kaonja keki, nani katapika, nani kazimia bafuni. Tukiingia ndani tunasema "naendelea vizuri, nashukuru". Yeye anaandika kwenye faili "anaendelea vizuri". Sasa nambieni, ufuatiliaji gani huo? Kinachofuatiliwa ni uwongo wetu, na umepangwa vizuri sana kwenye makabati.

Nyota moja. Hapana, nisubiri.

Nilipoonana naye tena baada ya habari ya puto, faili langu lilikuwa mbele yake, na ripoti ya kamera ilikuwa juu kabisa. Nilimwona akiisoma. Nikajiandaa kupokea pole. Pole tu, sikutaka samahani. Akafunga faili, akanipandisha mzani, akasoma namba, akasema, "Ona sasa, umepungua vizuri."

Nimepungua vizuri! Kwa kukosa maji!

Nyota moja, na hiyo moja ni ya muuguzi wa dharura ambaye hata si wa idara hiyo.

Niliomba nibadilishiwe mtaalamu wa lishe. Mapokezi wakasema ni yeye peke yake. Nikauliza malalamiko yanaandikwa wapi, nikaoneshwa sanduku la maoni ambalo kufuli lake lina kutu. Nitaendelea kwenda, sina namna, kwa sababu vipimo vya damu ni vya kila mwaka maisha yote na faili langu liko kwao. Na masharti bado nayashika, maana tumbo ni langu, sikulikata ili kumfurahisha yeye. Atakayeniuliza kama afanyiwe upasuaji pale, nitamwambia ndiyo, daktari ni mzuri. Atakayeniuliza kuhusu lishe, nitamwambia achukue mafundisho yote ya mama yule, ayaandike, ayafuate. Ila dharura asimpelekee.

Kwa hiyo wewe uliyekatwa juzi na uko kwenye wiki zile za vyakula laini: vigumu vikianza kukataa, kisha laini, kisha maji, usipoteze salio kupiga namba ya wino mwekundu. Nenda dharura mchana au usiku. Sema umefanyiwa baipasi, sema huwezi kushika maji, na uwaombe B1 kabla ya dripu ya sukari. Yaseme hayo mlangoni, kabla hajatokea mtu wa kukuuliza umekula nini.