Nyimbo zangu tano za 2020, nikiwa kwenye usukani wa tuktuk

Flashi yangu ni ya GB 8, nyekundu, kifuniko kilipotea zamani. Januari niliipeleka kwenye kibanda kimoja huku Kongowea, Mombasa, nikajaziwa nyimbo, na tangu hapo naipeleka kila baada ya miezi miwili hivi. Huduma yenyewe naipa nyota tatu. Nyimbo zinaingia haraka na kijana hana maneno mengi, ila nyingine zinakuja na didijei ndani yake anajitangaza jina, tena pale pale kiitikio kinapoanza. Nilistahimili hadi siku moja nikarudi nikamwambia, "Bwana, mimi nimelipia wimbo, salamu sikuziagiza." Akacheka, akanijazia upya bure. Kilichonirudisha kibandani nitakisema mbele.

Orodha hii haikutoka kwenye simu. Simu yangu hainihesabii kitu. Nina spika mbili nyuma ya kiti cha abiria, na kipimo changu ni kidole: wimbo ambao kidole kiliurudisha mwanzo bila kuambiwa, huo umepanda.

Wa tano ni Jeje ya Diamond Platnumz. Ilitoka Februari, na kufikia katikati ya Machi hukatizi mtaa bila kuisikia. Halafu ikanichuja. Ni wimbo wa kuingia nao kwenye starehe, na starehe zikafungwa kwa ajili ya korona. Kafyu ilianza Machi 27, saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri, na sisi tunaokula kwa kazi ya usiku tukabaki kutazamana. Jeje ndani ya tuktuk tupu, saa moja kasorobo, unakimbilia nyumbani usikutwe na polisi, haina utamu wowote.

Wa nne, Jerusalema ya Master KG na Nomcebo Zikode. Najua mtanikosoa kwamba ilitoka mwisho wa 2019. Sawa, lakini ilitufikia 2020, baada ya wale vijana wa Angola kuicheza na sahani za chakula mkononi. Kizulu sikijui, na mama aliyepakata kapu la nyanya sidhani alikijua, ila aliimba kutoka Kongowea hadi Bamburi.

Wa tatu ni Dodo ya Alikiba, na hapa sina budi kukiri upendeleo. Alikiba alioa kwetu Mombasa, Aprili 2018, kwa hiyo huku ni shemeji, na shemeji hanyimwi namba. Dodo ilitoka Aprili, mwezi ule ule kaunti ilipofungwa, huingii wala hutoki. Jina lenyewe mtu wa Pwani haelezwi, embe dodo tumekula tangu utotoni. Nilichokipenda ni kwamba wimbo hauna haraka. Kiba anaimba kama mtu aliyeketi barazani, na mwaka huo wote tulikuwa barazani. Siku moja nilibeba vijana wawili wa Nyali, mmoja Timu Kiba, mwenzake Timu Mondi, yaani wa Diamond, wakabishana hadi wakapitiliza waliposhukia siku zote, kisha wakataka niwarudishe bila nyongeza. Sikuwarudisha.

Waah ya Diamond na Koffi Olomide sikuipa namba. Ilitoka mwisho wa Novemba, na mwezi mmoja haukutosha kuujua wimbo. Ilivyokuwa ikipigwa, huenda kufikia Februari ningekuwa siitaki tena, au ningejuta kuiacha nje.

Wa pili, Suzanna ya Sauti Sol. Ni yale magitaa tu. Yanakuja yakiwa na harufu ya redio ya mbao ya babu, na wazee wakiingia garini hawaulizi ni nani anayeimba, wanatikisa kichwa. Sijawahi kuambiwa "ruka huo" ukipiga Suzanna, na abiria wangu hawana haya kusema.

Wa kwanza wengi hawataukubali. Zuchu alipotambulishwa na Wasafi, lebo ya Diamond, Aprili, alikuja na nyimbo saba kwa mpigo, na vijana wakashika ule wa Wana na ule wa Nisamehe. Mimi nilinasa kwenye Mauzauza, ule alioimba na mamake, Khadija Kopa. Nimelelewa na kanda za taarab, sauti ya Khadija naijua kama adhana ya msikiti wetu. Kumsikia ameketi upande mmoja na binti yake, mtoto akiimba kwa staili ya siku hizi na mama haombi ruhusa ya mtu, kuliniliwaza katika mwezi ambao sikuwa na hela ya petroli.

Nina bibi mmoja wa Mji wa Kale, mteja wangu wa miaka. Mji wa Kale ulifungwa Mei 6, nikakaa sana bila kumwona. Ulipofunguliwa, safari yake ya kwanza alikuwa anakwenda Mwembe Tayari, buibui limepigwa pasi, barakoa imeshuka kidevuni. Mauzauza ikaanza. Mwanzo alikuwa kimya. Sauti ya mama ilipoingia akanigonga bega.

"Huyo si Khadija huyo?"

"Ndiye, bibi. Na binti yake."

"Weka pembeni, mwanangu. Zima na hiki kinguruma chako, nisikie."

Nikaegesha chini ya mwarobaini, nikazima injini. Bibi akafumba macho, kidole kinapiga goti taratibu. Na hapo hapo, Khadija anapanda juu, didijei akaingia na jina lake na mlio wa honi.

Bibi akafumbua macho. "Na huyu naye ni mtoto wa nani?"

Nikamshusha Mwembe Tayari, nikaenda moja kwa moja kibandani.