Uzoefu wangu na dalali wa farasi: niliomba mdogo, akanipeleka kwenye mlima

Naandika hii bado nina hasira kwa hiyo mnisamehe nikirukaruka. Nyota moja. Na hiyo moja yenyewe naiweka kwa shingo upande.

Mimi ni mtu wa Tanga, naishi Ujerumani upande wa Bremen miaka mingi sasa, na binti yangu ana miaka 13. Anapanda farasi tangu ana miaka 7, mchezo wake ni dresaji, ule wa kwenda kwa hatua za kupangwa kwenye uwanja wa mchanga wenye herufi pembeni, majaji wanatoa alama 0 mpaka 10 kwa kila zoezi. Ukitazama kwa mbali utasema yule wa juu kakaa tu. Hajakaa tu. Anaongea na farasi kwa kiuno, kwa mgongo, kwa vidole, na zaidi ya vyote kwa mguu. Shikeni hapo kwenye mguu maana ndo kesi yenyewe.

Mwanangu ana umbo dogo. Sentimeta 148, kilo 38 akiwa na nguo zote na mabuti. Poni, yaani farasi wa aina ndogo, aliyekuwa anampanda pale klabu amezeeka, na poni mwingine hatukutaka kwa sababu mashindano ya kimataifa ya poni mwisho wake ni mwaka unaotimiza 16, na poni hatakiwi kuzidi sentimeta 148 begani bila viatu vya chuma. Yaani unanunua leo, baada ya miaka mitatu unaanza upya na mtoto analia. Tulitaka farasi mdogo, sentimeta 150 mpaka 156 hivi, mwembamba wa mbavu, wa kukaa naye muda mrefu. Basi. Ndo ombi letu lote.

Sasa huku kaskazini mwa Ujerumani farasi wako kila kona, Hannover, Oldenburg, Verden wanapopiga mnada, pale Celle kuna kituo cha serikali cha madume ya mbegu tangu 1735, enzi hizo wakitaka farasi wa jeshi na wa shamba. Siku hizi wanazalishwa kwa ajili ya michezo na wanakuwa wakubwa, 168, 170, 172, hatua ndefu kama wanaruka mto. Ni wazuri, sikatai, ukiwaona unanyamaza. Ila ukimwambia mfugaji unataka wa 152 anakuangalia kama umemtukana mama yake. Tulitafuta miezi na miezi. Ndipo mama mmoja pale klabu akaniambia kuna dalali, anajua mabanda yote, mlipe hela ya kuanzia atawatafutia. Jina lake silisemi hapa.

Nikamlipa. Nikamwandikia kila kitu, kimo cha mtoto, uzito, nikamtumia na video tatu. Akanijibu vizuri sana kwenye simu, eti nimeelewa kabisa, nipe wiki mbili. Wiki mbili zikawa kama mwezi na nusu. Bibi yake mtoto anapiga kutoka Tanga kila Jumapili, "huyo mnyama hajapatikana tu?", namwambia bado mama, tuombee. Halafu siku moja, ilikuwa bado baridi, dalali anapiga: nimempata, miaka 7, sentimeta 155, mpole, njooni Jumamosi. Mume wangu alikuwa zamu, nikaenda mimi na mtoto peke yetu, masaa matatu na zaidi barabarani, mvua. Mwalimu wake alitupa fimbo ya kupimia, ile yenye mkono wa kuteremka juu ya bega na kile kidude cha maji cha kuonyesha usawa kama cha fundi ujenzi. Akasema pima mwenyewe, usimwamini mtu. Mungu ambariki.

Tumefika, yule bwana hakutusalimia. Narudia, hakutusalimia. Nimenyoosha mkono, yeye anaangalia nyuma yangu, anauliza mwenye kununua yuko wapi. Nikamwambia ndiye mimi, tumeongea kwenye simu. Akasema "ahaa", basi, akageuka. Kwetu hata ukienda kununua fungu la mchicha unaulizwa habari za asubuhi, na mimi pale nina hela ya gari mfukoni. Nilimeza. Nikasema labda ana haraka, tumefuata farasi hatukufuata salamu.

Farasi katolewa. Jamani. Mimi nina sentimeta 152, bega la yule mnyama lilikuwa linanipita kichwa kwa mbali. Sikuhitaji fimbo lakini nikaifuata kwenye gari kusudi. Nikamsimamisha mahali palipo tambarare, miguu ya mbele sawasawa, kama nilivyofundishwa, nikateremsha mkono: 164. Nikamwonyesha. Akaniambia hicho kipimo cha 155 kilikuwa cha alipokuwa na miaka mitatu. Miaka mitatu! Farasi anaendelea kukua mpaka mitano, sita, hilo hata mwanangu analijua, dalali wa farasi asilijue? Alafu akasema neno ambalo nimelikumbuka kila siku tangu hapo, akasema "hapa siyo sokoni, mama, ukileta vipimo vyako hutapata farasi." Na akaongeza kuwa mtoto atakua tu. Atakua kuelekea wapi? Baba yake hafiki 165. Mama yake ndiye huyu mbele yako, angalia!

Hapo ningeondoka. Hili ndilo linaloniuma mpaka leo, sikuondoka. Nilifikiria masaa matatu ya barabara na hela niliyokwisha lipa, na mtoto mwenyewe kwa adabu yake akasema mama nijaribu tu. Akapandishwa.

Sasa nieleze wale ambao hawajawahi kuona. Mtoto mwenye mguu mfupi ukimweka juu ya farasi mpana, mguu haushuki, unatanuka kwenda pembeni kama mtu aliyekalia pipa. Kisigino kinaishia katikati ya ngozi ya pembeni ya tandiko, hakifiki kwenye mbavu ambapo farasi anasikia. Kwa hiyo hata akibana kwa nguvu zake zote anabana ngozi ya tandiko, farasi hasikii kitu. Na farasi akianza kutroti, ule mwendo wa mchakamchaka, kwa ile hatua kubwa, kila hatua inamrusha yule mdogo juu, akitua kachelewa, anashika hatamu ili asianguke, farasi anavutwa mdomo, anakasirika, anaongeza mwendo. Mtoto hajakosea popote. Ni kama kumvalisha viatu namba 44 ukamwambia acheze mpira.

Na yule bwana kasimama katikati ya uwanja anapiga kelele. "Mguu! Tumia mguu! Mguu!" Mguu upi? Mguu upi jamani, haufiki! Mwanangu kapoteza vikanyagio vyote viwili, uso mwekundu, machozi yameshaanza, na yeye bado "mguu! hajui kutumia mguu huyu!" anamwambia nani sijui, maana mimi hakuwa ananitazama. Nikaingia uwanjani na viatu vyangu vya mjini nikamshika farasi mwenyewe nikamshusha mtoto. Mikono ilikuwa inanitetemeka. Nilimwambia yule bwana kwa Kijerumani changu chote nilichonacho kwamba ukimpigia kelele mwanangu tena utanijua. Akasema mtoto mwenye mwili kama ule atafute mchezo mwingine.

Mtoto wa miaka 13 anaambiwa mwili wake haufai. Na aliyemwambia alikuwa na vipimo vyake kwenye simu mwezi mzima na nusu.

Na nilimjibu hapohapo. Mwalimu wetu alishawahi kumsimulia mwanangu habari za Lendon Gray wa Marekani, alimpanda farasi anaitwa Seldom Seen, mchanganyiko wa Connemara, poni wa Ireland, kimo kama 147 tu, yaani poni, wakafika Grand Prix, ngazi ya juu kabisa ya dresaji, wakishindana na yale majitu. Nikamwambia hilo. Akapandisha mabega. Hamjui, au anamjua na haimhusu, sijui ipi mbaya zaidi.

Sasa hapa ndo mambo yanageuka, na ndo maana hii nyota moja inanisumbua usiku.

Wakati mtoto anakunywa maji alikuja binti mmoja anayesafisha mabanda, kijana tu, akaniambia polepole: umeona jasho kavu pale penye mkanda wa tumbo? Nikaenda kuangalia, kweli, alama nyeupe za chumvi, farasi alishakimbizwa kwenye kamba asubuhi kabla hatujafika ili achoke aonekane mpole. Kachoka na bado kamrusha mwanangu vile. Halafu yule binti akasema, kuna jike kule mwisho si la huyu bwana, ni la bibi mkulima wa jirani, limepanga banda tu hapa. Dogo. Nendeni mkamwone.

Tukaenda. Nikapita na fimbo yangu. 151! Rangi ya kahawia, miaka 9, baba farasi mkubwa, mama ni poni wa kupanda wa Kijerumani, wale wenye damu ya Welsh na Mwarabu. Mwembamba, jicho la upole, akamnusa mwanangu nywele. Dalali kapita nyuma yetu akacheka, huyo hana soko, amezidi kimo cha poni na hakufika kimo cha farasi, hamna anayemtaka. Yaani aina hasa niliyomwomba, nimemwandikia kwa herufi, ilikuwa mita thelathini kutoka aliposimama, na kwake yeye ni takataka.

Jioni ileile nikampigia yule bibi. Wiki iliyofuata tukarudi, safari hii na baba yake na mwalimu. Bibi katusalimia mmoja mmoja, katuandalia kahawa na keki ya tufaha, kamwuliza mwanangu anapenda nini shuleni kabla hata hatujagusa habari ya farasi. Mtoto alipopanda mguu ukashuka ukafika mahali pake, ukakaa. Nikaona kwa macho yangu farasi anageuza sikio nyuma kumsikiliza. Mwalimu wala hakusema kitu, aliniminya tu mkono. Daktari wa mifugo tukamchagua wenyewe, si wa upande wa pili, akapiga picha za miguu na akachukua damu ya kuhifadhi, ili baadaye ukishuku alipewa dawa ya kumtuliza au ya kuficha maumivu ipimwe. Fanyeni hivyo, msione aibu. Bei ilikuwa chini ya nusu ya ile ya lile limlima.

Sasa kuna siku mwanangu ananiambia, mama, kama yule mtu asingetupeleka pale tusingempata. Nikakaa kimya. Ni kweli. Nikasema basi, pengine nyota mbili, pengine nimekuwa mkali, mtu anaweza kuwa na siku mbaya, na kweli mabanda anayajua. Nilishaanza hata kuandika hivyo, ya nyota mbili, kwa moyo mweupe kabisa.

Kabla sijaituma ikaja ankara. Kamisheni, asilimia 10 ya bei ya jike. Yule yule aliyesema hana soko! Anasema mkataba unasema farasi yeyote "aliyeonyeshwa" na yeye. Nimeusoma mkataba mara nne na jirani yangu anayejua sheria kausoma, neno ni hilohilo, aliyeonyeshwa. Alimwonyesha lini? Aliyemwonyesha ni binti wa mabanda, na yule binti nilimpa zawadi kwa mkono wangu, alikataa mara mbili nikamlazimisha. Ukimcheka farasi mbele ya mteja umemwonyesha?

Kwa hiyo moja. Na ningekuwa na uwezo wa kuigawa ningempa nusu yule binti na nusu yule bibi.

Nimemwandikia kwamba hela ya kuanzia abaki nayo, zaidi ya hapo silipi mpaka anieleze kwa maandishi alimwonyesha lini, na amwombe mwanangu radhi kwa lile neno la mwili. La radhi nilitaka liwe la kwanza lakini jirani akasema liweke mwisho. Hajajibu, wiki ya tatu hii.

Wenye watoto wadogo wa umbo mlioko upande huu, mwalimu ameniruhusu niazimishe ile fimbo, iko kwenye gari langu. Anayeihitaji aseme tu. Jike tumempa jina la Asali, bibi wa Tanga ndiye kalichagua kwenye simu, na kesho saa tatu asubuhi wana darasa.