Wii Balance Board kwa mgonjwa wa kiharusi: mizani nzuri, gemu za kuchagua kwa makini

Ubao huu wa kusimama juu yake, uliotengenezwa kwa ajili ya mashine ya gemu ya Wii ya kampuni ya Nintendo, ulitoka Japani Desemba 2007 pamoja na gemu ya mazoezi ya Wii Fit, na Nintendo hawakuutengeneza kwa ajili ya hospitali. Uliingia kwenye vyumba vya fiziotherapia kwa sababu ya kilichomo ndani: vihisi vinne vya uzito, kimoja kila pembe, vyenye ubora unaozidi sana bei yake. Sasa hautengenezwi tena, hivyo utakaoupata ni wa mtumba. Je, unafaa kununuliwa kwa ajili ya mtu anayejifunza upya kusimama baada ya kiharusi, au anayeishi na Parkinson, ugonjwa wa ubongo unaotetemesha na kukakamaza mwili? Unafaa, kama kazi yake ni kumwonyesha mtu uzito wa mwili wake umelalia upande gani, na kama mtu huyo tayari anaweza kusimama. Kwa kufundisha kutembea, usiununue.

Una upana wa takribani sentimita 51, kina cha sentimita 32 na kimo cha sentimita 5 na kidogo. Hizo sentimita 5 ni muhimu kuliko zinavyoonekana: kwa mtu ambaye wayo wake umelegea na vidole vinaburura, ukingo huo ni wa kujikwaa. Unatumia betri nne za AA na kuwasiliana kwa Bluetooth. Kiwandani kila kihisi hupimwa kikiwa hakina mzigo, kisha kwa kilo 17 na kwa kilo 34, na namba hizo huhifadhiwa ndani ya ubao wenyewe. Ndiyo maana ubao wa zamani bado unaweza kutoa kilo sahihi.

Usahihi wake umepimwa. Mwaka 2010 Ross Clark na wenzake wa Australia walichapisha katika jarida la Gait & Posture ulinganisho kati ya ubao huu na bamba la nguvu la maabara, yaani bamba linalopima jinsi miguu inavyosukuma sakafu, chombo cha maelfu mengi ya dola. Watu 30 wasio na tatizo la miguu walisimama kwa miguu miwili na kwa mguu mmoja, macho yakiwa wazi na yakiwa yamefumbwa. Kipimo cha makubaliano kati ya vyombo hivyo viwili, ambapo 1 ni kukubaliana kabisa, kilikuwa kati ya 0.77 na 0.89. Ni matokeo mazuri kwa kifaa cha sebuleni. Lakini ubao unapima nguvu inayokwenda chini tu. Msukumo wa ubavuni hauoni. Tena hutuma taarifa kwa vipindi visivyolingana, kwa hiyo wastani wa sekunde 30 ni wa kuaminika, ila mitetemo ya haraka usiitafute humo.

Kabla ya kulipa, uunganishe na kompyuta (namna yake iko hapa chini) uujaribu kwa dumu la maji la lita 20. Maji yake yana kilo 20. Dumu tupu lipime peke yake ujumlishe. Liweke katikati ya ubao: kila kihisi kinapaswa kubeba karibu robo. Kisha lisogeze pembe moja baada ya nyingine. Kihisi kilicho chini ya dumu kitapanda na vingine vitashuka, lakini jumla lazima ibaki ileile. Jumla ikipungua kwa zaidi ya kilo moja dumu likiwa pembe fulani, kihisi cha pembe hiyo kimechoka au mguu wake umebana. Achana na ubao huo. Fungua pia mfuniko wa betri uone kama kuna kutu ya betri iliyovuja, ugonjwa wa kawaida wa vifaa vilivyokaa kabatini miaka mingi.

Kuunganisha na kompyuta ndiko kunakoudhi. Bonyeza kitufe chekundu cha SYNC kilicho chini ya mfuniko wa betri, na kompyuta itaonyesha kifaa kinachoitwa Nintendo RVL-WBC-01. Windows ikiomba namba ya siri, ruka hatua hiyo. Mara nyingi kompyuta ikizimwa muunganisho hupotea, na dawa ni kukifuta kifaa kwenye orodha na kuanza upya. Ubao uwashwe ukiwa mtupu na uachwe sekunde chache ndipo mtu apande, la sivyo sifuri itakosewa na kila namba itakayofuata itakuwa na kasoro. Usiuweke juu ya zulia nene wala mkeka; sakafu ya saruji au ya vigae ndiyo yake.

Ukishapata kwenye kompyuta namba nne, moja ya kila kihisi, hesabu ni fupi. Jumlisha vihisi viwili vya kulia, kisha viwili vya kushoto. Mgonjwa wa kilo 64 ambaye mguu wake wa kulia ni dhaifu anaweza kuonyesha kilo 22 kulia na 42 kushoto, yaani mguu dhaifu unabeba asilimia 34. Ukitaka kujua kitovu cha shinikizo, yaani nukta ambapo uzito wote umelalia, kiko wapi, toa kushoto kwenye kulia, gawanya kwa jumla, zidisha kwa 21.5, ambayo ni nusu ya umbali wa sentimita 43 kati ya vihisi vya pande mbili. Hapa jibu ni sentimita 6.7 kushoto mwa katikati. Kwa mbele na nyuma, fanya vivyo hivyo kwa vihisi vya mbele na vya nyuma, ila zidisha kwa 12.

Namba ambayo wengi huisahau ni jumla yenyewe. Mgonjwa wa kilo 64 akiwa juu ya ubao na jumla ikasoma 55, kilo 9 zimebebwa na mikono iliyoshika kiti au msaidizi. Asilimia utakazopata hapo hazielezi miguu yake. Mwache ashike, usalama ndio wa kwanza, ila andika jumla kila mara. Jumla inayopanda wiki hadi wiki ni maendeleo halisi.

Namna ya kuutumia: ubao uwe karibu na kona ya ukuta au kati ya vyuma vya kushikilia. Kiti imara kisicho na magurudumu kiwe nyuma, na msaidizi asimame upande dhaifu akishika mkanda wa kiunoni. Kamwe asivute mkono uliopooza, kwani bega lililolegea baada ya kiharusi huumia kwa urahisi. Mgonjwa apande kwa mguu wenye nguvu na kushuka kwa mguu dhaifu. Chora mahali pa nyayo kwa utepe wa gundi ili kila kipimo kifanyike miguu ikiwa palepale. Sentimita chache za kutanua miguu hubadilisha matokeo yote. Mizunguko mitano ya sekunde 30 hadi 60, na kukaa kupumzika katikati, inatosha kuanzia. Kutoka asilimia 34, lengo la kwanza liwe 40. Kulazimisha 50 siku ya kwanza kunaweza kuleta goti linalojifunga kwa nyuma.

Hapo ndipo kuna mtego mkubwa wa kifaa hiki. Ubao haujui uzito umehamaje. Mgonjwa akipinda kifua na kuinamisha bega upande dhaifu, namba hupanda vizuri huku nyonga haijasogea hata kidogo. Anapata alama, na anazoea mwendo mbaya. Msaidizi atazame kiuno, asitazame skrini: mkanda wa suruali usogee kwa usawa kuelekea mguu dhaifu, kifua kikiwa wima. Halafu kuna kuitegemea picha. Anayesawazika akiwa anatazama nukta kwenye skrini anaweza kupoteza usawa skrini ikizimwa. Tunashauri nusu ya mizunguko afanye skrini ikiwa imegeuzwa: akisie kwanza uzito uko wapi, ndipo aonyeshwe. Kukisia huko kunamzoesha kuuhisi mguu wake.

Tukija kwenye gemu za Wii Fit, Table Tilt ndiyo bora: ni ya taratibu na inadai kuhamisha uzito pande zote. Penguin Slide inafaa kwa kulia na kushoto. Soccer Heading iache. Vitu huja kwa kasi na vingine ni vya kukwepa. Nchini Brazili, utafiti uliochapishwa 2012 uliwafuatilia wagonjwa 16 wa Parkinson katika hatua za mwanzo wakicheza gemu kumi. Katika saba walijifunza sawa na wazee wenye afya, na katika tatu walibaki nyuma sana, kwa sababu ugumu wa gemu hizo ulikuwa katika kufikiri na kuamua haraka zaidi ya kusawazisha mwili. Sehemu inayotangaza umri wa mwili wa mchezaji nayo iruke. Haina maana kwa aliyepooza, na mzee hastahili kuvunjwa moyo na mashine.

Ushahidi wa tiba ni wa wastani. Mapitio ya 2017 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaokusanya na kupima tafiti za tiba, yaliyokusanya majaribio 72 ya gemu na uhalisia pepe (mandhari ya kompyuta anamoingia mchezaji) kwa wagonjwa wa kiharusi, hayakuona kwamba vinashinda mazoezi ya kawaida. Kwa mkono, faida ilionekana pale vilipoongezwa juu ya tiba ya kawaida. Jaribio la EVREST la 2016, lenye wagonjwa 141, lilipima rimoti ya Wii kwa ajili ya mkono, si ubao, na halikuona tofauti kati yake na michezo kama karata na domino. Waliocheza bao na jirani zao barazani hawakosi kitu hapo. Ubao wenyewe ulijaribiwa Roma kwa watu 36 wenye multipo sklerosisi, ugonjwa unaoharibu neva za ubongo na uti wa mgongo, wakifanya mazoezi nyumbani kwa wiki 12, matokeo yakichapishwa 2013: usawa uliboreka, ila baadhi walipata maumivu ya goti au ya kiuno.

Asiyeweza kusimama nusu dakika kwa msaada wa mtu mmoja bado hajafikia ubao huu. Mwenye historia ya kifafa, kinachoweza pia kuja baada ya kiharusi, aongee na daktari wake kabla ya gemu za skrini. Nintendo wenyewe wanatahadharisha kuhusu degedege. Na kila kipindi cha ubao kifuatwe na dakika kumi za kupiga hatua sakafuni, maana hakuna hatua hata moja inayopigwa juu yake.

Kama ubao mzuri haupatikani, nunua mizani mbili za kupimia uzito za aina moja, uziweke sambamba na mguu mmoja juu ya kila moja. Zibadilishane nafasi mara ya kwanza uone kama zinasoma sawa. Utapata asilimia zilezile za kulia na kushoto, bila Bluetooth wala kompyuta. Utakachokosa ni mbele na nyuma.