Hendibreki ya Defender imeganda? Jaribu hii gereji ya Unga Limited

Kama una Land Rover Defender na hendibreki imeshika haitaki kuachia, na uko Arusha au jirani na Arusha, kuna gereji moja ndogo pale Unga Limited mimi nawapa nyota nne kati ya tano bila kusita, na hiyo nyota moja niliyobania nitasema chini kwanini.

Gari yetu ni Defender 110 ya zamani, ya dizeli, ya kazi za shamba na safari za Monduli mpaka Natron. Ililala nje masika yote hendibreki ikiwa juu, sasa siku dereva anataka kuitoa anashusha mkono mpaka chini, anaweka gia, gari inajikaza tu haiendi mbele wala nyuma. Fundi wa kwanza tuliyemuita (sio hawa) akasema tukate kebo tuachane nayo, Defender si inasimama na gia. Hapana jamani, gari inabeba watu, inabeba magunia, inapaki kwenye miteremko, huwezi kuniambia nitembee bila hendibreki. Na hata hiyo kebo angeikata isingesaidia kitu maana iliyoganda ni dramu yenyewe.

Kwa ambao hamjawahi kuingia chini ya Defender hizi za zamani, hendibreki yake haiko kwenye tairi za nyuma kama gari ndogo. Ni dramu moja tu, iko katikati chini ya gari, imefungwa nyuma ya transfa (ile giaboksi ya pili inayogawa nguvu tairi za mbele na za nyuma) pale propela ya nyuma, lile shafti refu linalozungusha tairi za nyuma, inapoanzia, kwahiyo inachoshika ni propela, na kupitia propela ndo inazuia tairi. Ndo maana ikiganda gari nzima inagoma, na ndo maana fundi aliyezoea Corolla anaweza kufungua tairi za nyuma akatafuta hendibreki asiione. Na ndo maana pia usiivute gari ikiwa inatembea, ile ni breki ya kupaki, ukiivuta kwenye mwendo mzigo wote unaingia kwenye propela na difu (zile gia za katikati ya tairi mbili).

Hawa jamaa wa Unga Limited walikuja wenyewe na pikipiki mpaka gari ilipo. Kitu cha kwanza yule fundi mkubwa hakugusa spana, alimwambia kijana wake weka mawe, mbele na nyuma, tairi zote. Nikamuuliza mbona mawe yote hayo wakati gari yenyewe imegoma kutembea, akanijibu vizuri tu, dada, nikishafungua propela hii gari haina hendibreki tena, na sisi tuko chini yake. Akaongezea kitu ambacho naona kila mwenye Defender akijue, ukipiga jeki tairi moja ya nyuma wakati difu loki ya katikati (ile inayofunga propela ya mbele na ya nyuma zizunguke pamoja) haijaingia, gari inaweza kuondoka hata kama hendibreki imevutwa mpaka mwisho, kwasababu ile tairi iliyo hewani inazunguka upande wake na ya chini inaserereka. Ukibadilisha tairi porini weka mawe kwanza.

Kazi yenyewe sasa. Kwanza walilegeza adjasta (skrubu ya kukaza na kulegeza breki) iliyo nyuma ya sahani ya breki, wakafungua bolti nne za propela, wakatoa skrubu mbili zinazoshika dramu, alafu wakapulizia dawa ya kutu wakaiacha ifanye kazi. Hapa ndo niliwapenda, hakuna aliyekuwa na haraka ya kupiga nyundo la nguvu. Kijana alikuwa anagonga taratibu na nyundo ya mbao kuzunguka ukingo wa dramu, anapulizia, anagonga tena, mpaka ikatoa mlio ikaachia. Ndani shuu moja (kile kipande kinachobana dramu) ilikuwa imeshikana na dramu kwa kutu, ya pili imelowa nyeusi tii, tope na mafuta vimechanganyika. Fundi akachovya kidole akanusa, alafu akanisogezea mimi, sio dereva, mimi mwenye gari. Nusa hii dada, haya sio maji ya mtoni, hii ni oili ya transfa. Na kweli ile harufu kali ya oili ya gia ukishaijua huwezi kuichanganya na kitu kingine.

Kwahiyo masika ilileta kutu lakini oili ilikuwa inavuja humo siku nyingi. Gari ikapelekwa gereji, wakafungua nati kubwa ya saizi 30, wakatoa flenji (kile kipande propela inapofungiwa), kumbe sili ya nyuma ya transfa, ile pete inayozuia oili isivuje, imekwisha kabisa. Akabadilisha sili, akabadilisha na raba inayokaa chini ya ile nati, akasema wengi wanairuka hiyo raba alafu oili inapita kwenye meno ya shafti na mteja anarudi kulalamika kuwa sili ni feki. Nikajua tumemaliza, kumbe bado, akaenda kukagua kibomba cha kupumulia cha transfa, akakuta kimeziba tope. Transfa ikipata moto presha inakosa pa kutokea, inasukuma oili kwenye sili, ukiweka sili mpya na kibomba kimeziba umepoteza hela yako. Fundi mwingine angetubadilishia shuu tu na zingelowa tena.

Shuu za zamani alikataa kuziosha na petroli. Niliuliza kwa ajili ya gharama, akasema lining (ile sehemu ya shuu inayosugua dramu) ikishakunywa oili utaosha juu tu, ikipata joto oili inatoka tena, na kwenye hendibreki ya mzigo hawezi kuweka jina lake hapo. Tukanunua mpya.

Kufunga alianza na adjasta, akakaza mpaka dramu ikagoma kuzunguka, akarudisha klik mbili, ndo akaja kwenye kebo. Sasa hivi ukivuta inaanza kushika klik ya pili, ya tatu imeshika kabisa. Aliijaribu mlimani mbele yangu, mguu kwenye breki hakuna, gia hakuna, gari imetulia. Spea zote za zamani wakanirudishia kwenye mfuko.

Ufundi laki moja na nusu, spea aliniandikia nikanunua mwenyewe. Kwa kazi niliyoiona ni bei ya haki.

Nyota niliyobania: waliniahidi gari itatoka siku hiyo hiyo jioni haikutoka, na kibaya zaidi hakuna aliyenipigia, mimi ndo nilikuwa napiga simu haipokelewi. Kazi ikichelewa naelewa, kukaa kimya sielewi. Risiti pia mpaka uiombe.

Ukienda nenda asubuhi mapema katikati ya wiki, Jumamosi wanajaa magari ya watalii. Na ukiweza nunua sili pamoja na ile raba ya chini ya nati kabla hujapeleka gari, maana raba ndo iliyotuchelewesha, duka la kwanza hawakuwa nayo, la pili pia hawakuwa nayo.