Kushoto au Kulia? Kiti cha Dirishani cha Kununua Ukitaka Kuuona Mlima Kilimanjaro

Kosa la abiria wengi ni kukariri upande. Shemeji kakwambia "kaa kushoto, utauona mlima", nawe unakaa kushoto kwenda, kushoto kurudi, na safari ya pili unaambulia mawingu matupu. Upande hugeuka na safari. Herufi ndizo hazigeuki: A ni dirisha la kushoto ukitazama alipo rubani, na katika ndege nyingi za njia zetu F ni la kulia. Kwa kuwa mashirika kadhaa siku hizi yanatoza pesa ukichagua kiti mapema, ni vizuri ujue unalipia nini. Naanza na kiti ambacho mimi hukilipia bila kuuliza bei mara mbili.

1. Nairobi–Dar es Salaam, asubuhi, F. Njia iliyonyooka kati ya miji hii inapita kama kilomita 30 tu mashariki ya Kibo, kilele kirefu kuliko vyote cha Kilimanjaro. Dirisha lako linatazama magharibi, jua liko upande wa pili wa ndege, hivyo mwanga wote unaumwagikia mlima. Mbele yako yanakaa majabali ya Mawenzi, kilele cha pili, mita 5,149, na nyuma yake Kibo yenyewe, mita 5,895, na theluji yake iliyobaki. Ukitoka Dar au Zanzibar kwenda Nairobi, chukua A. Tena chukua ndege ya mapema, maana ikikaribia saa sita mchana mawingu huwa yameshauvaa mlima.

2. Dar au Zanzibar–KIA (uwanja wa ndege wa Kilimanjaro), F. Hapa unalipia ukaribu. Ndege inashuka, Bwawa la Nyumba ya Mungu linametameta chini, kisha mlima unajaa dirishani. Kwa nini basi si wa kwanza? Jua. Asubuhi linatokea upande huohuo, linakupiga usoni, na picha inatoka na kivuli cheusi chenye umbo la mlima. Kurudi ni A.

3. Nairobi–KIA, A. Safari fupi. Unapita karibu na Amboseli, na soda hujaimaliza, Kilimanjaro huyo. Uzuri wa njia hii ni kwamba aliyekosa A hajapoteza: upande wa F kuna Mlima Meru, mita 4,566. Kwa hiyo wala usiongeze pesa.

4. Nairobi–Mombasa, F. Mlima uko mbali, karibu kilomita 100, na siku nyingi unachokiona ni kilele kinachoelea juu ya mawingu kama kisiwa. Kinapendeza, ila si cha kulipia. Ukirudi Nairobi, A.

Dar–Zanzibar nimeiacha nje ya orodha. Ni kama dakika ishirini, na kwenye Caravan, vile vindege vidogo, karibu kila mtu yuko dirishani. Jambo moja tu: uwanja wa Unguja umelazwa kaskazini-kusini, na ndege hutua ikiukabili upepo, kwa hiyo msimu wa kusi huingia ikielekea kusini na Mji Mkongwe unapita kulia kwako. Msimu wa kaskazi inaingia kwa upande mwingine, mji huuoni mpaka ushuke.

Sasa bawa, linalowaponza hata waliopatia upande. Dash 8 na ATR, zile ndege za pangaboi, zina mabawa juu ya madirisha, kwa hiyo chini unaona vizuri, isipokuwa ukikaa katikati, ambako injini inakuziba, na kwenye Dash 8 hata magurudumu yakishushwa. Kwenye Boeing 737 bawa liko chini: kaa mbele yake, au nyuma kabisa. Tena 737 nyingi zina safu moja upande wa kushoto, mbele kidogo ya bawa, isiyo na dirisha, kwa sababu mabomba ya hewa yamepita hapo ukutani. Kwenye ramani ya viti huandikwa dirishani kama vingine! Kabla ya kulipia A ya maeneo hayo, tafuta mpangilio wa ndege hiyo.

Masika usitegemee sana, ingawa ndege ikishayavuka mawingu kilele mara nyingi hujitokeza chenyewe. Na ukiwa huna hela ya kuchagua kiti, fika kaunta mapema umwombe mhudumu kwa adabu: "Dada, naomba dirisha la kulia, mbele ya bawa." Mimi nimepewa hivyo bure mara nyingi kuliko nilivyolipia.