TAHADHARI: Muuzaji wa tairi Malindi anayewapiga wenye magari ya kulalia

Jamani wenzangu wa Malindi na Watamu, na nyinyi mnaopita huku na makempa mkielekea Lamu, kuna muuzaji wa tairi hapa mjini anauza tairi za gari dogo kwa bei ya tairi za mzigo, na anaficha kwa ufundi mkubwa. Anawalenga hasa wenye vani za wageni na magari ya kulalia, manake anajua gari kama hilo likishafungwa tairi linaondoka mjini siku hiyohiyo na mwenyewe harudi kuuliza. Jina la duka siliandiki, kuna hatua tumeanza kuchukua na sitaki kuziharibu, lakini mbinu zake nazieleza zote hapa, ukiziona popote ujue uko mikononi mwa nani.

Gari lenyewe ni la shemeji yangu, mimi ndio nalishughulikia. Ni Hiace imegeuzwa nyumba, ina kitanda, jiko la gesi, friji, betri za ziada na tangi la maji la lita 80. Wageni wanalikodi wanaenda Tsavo Mashariki kwa kupitia Kakoneni mpaka lango la Sala, wengine wanashika njia ya Garsen na Witu hadi Mokowe, wanaliacha pale wanavuka maji kwenda Lamu. Kwa hivyo si gari la kuendea sokoni. Hiyo njia ya Sala ina mawe na jua kali na ukipasukiwa na tairi huko unakaa sana kabla hujaona mtu.

Tuliagiza 195R15C nne, saizi ya kawaida ya Hiace, na kwenye meseji niliandika wazi herufi C iwepo, hiyo ndiyo alama ya tairi ya mzigo. Akajibu, "Zipo bosi wangu, mpya kabisa, zimefika juzi." Hilo neno zimefika lishikeni, nitalirudia. Dukani kweli kulikuwa na moja imesimamishwa mbele, 195R15C halali, bado ina stika na vile vinywele vya mpira. Dereva akaonyeshwa hiyo, akaikagua, akaridhika. Halafu akaambiwa akae kivulini nyuma, akaletewa chai na mahamri, na mafundi wakaingia kazini kwa kasi ambayo mwanzo unaiona ni huduma nzuri, kumbe zile zilizofungwa zilitoka stoo ya nyuma na ile ya mbele ikabaki palepale kumngoja mwingine.

Gari lilipokuja nyumbani dereva akaniambia kwenye daraja la Sabaki lilikuwa linayumba nyuma kama lina mlevi ndani. Nikaenda na tochi na kitambaa chenye maji. Tairi zilikuwa nyeusi zinang'aa, lakini kitambaa kikipita mara mbili tatu kinatoka na rangi, na chini ya ile rangi unaona mipasuko midogo kama nyufa za udongo uliokauka. Ubavuni kumeandikwa 195/80R15 96S. C hakuna, wala 8PR, ile alama ya uimara ambayo tairi za mzigo huwa nayo. Pembeni kuna maandishi madogo yanasema presha ya juu kabisa ni 300 kPa, yaani psi 44, na geji yangu ilipoingia kwenye valvu ikasoma 60. Alizijaza hivo ili zisionekane zimelala chini ya uzito, gari likae limenyooka machoni mwa mteja. Tairi ya gari dogo imejazwa kupita kiwango chake, imebebeshwa nyumba, na kesho yake inapelekwa kwenye mawe ya Langobaya na wageni ndani! Hilo ndilo lililonikasirisha kuliko pesa.

Sasa sikilizeni hizo namba manake hapo ndipo wizi wote ulipo. Ile 96 ni namba ya mzigo, maana yake tairi moja inabeba kilo 710. 195R15C ya kawaida inaandikwa 106/104, yaani kilo 950 ikiwa moja kila upande na 900 zikiwa pacha. Kwa macho tairi hizi mbili ni mtu na ndugu yake, upana uleule, ringi ileile ya 15, urefu unakaribiana kabisa, zinaingia bila shida yoyote na hata fundi wa pancha akipita haraka hawezi kugundua. Na usidanganyike kwamba kila 195/80R15 ni mbaya, kuna zinazotoka Japani zimeandikwa hivohivo 195/80R15 lakini mbele yake kuna 107/105 na LT, hizo ni za mzigo na zinafaa. Zile za 96S ni za vijigari kama Jimny. Ukiona namba ya mzigo ni moja tu na haina mkwaju (/) wa namba ya pili, uliza maswali kabla mfuko haujafunguka.

Gari letu tulilipima kwenye mizani ya malori kule upande wa Gongoni kwenye mashamba ya chumvi, likiwa na maji, gesi na vitu vyote, na ekseli ya nyuma peke yake ikatoka kilo 1,560. Tairi mbili za 710 zinabeba 1,420. Hesabu haihitaji mwalimu, na hapo bado wageni hawajapanda na mabegi yao. Tairi mbili za 950 zinabeba 1,900, hapo unapumua. Matatu hushusha abiria ikapumzika, lakini gari la kulalia mzigo wake haushuki, kitanda kiko, friji iko, liwe linatembea au limeegeshwa. Ndio maana ukikosea tairi kwenye gari hili ubavu unapikika ndani kwa ndani kila siku, hata kashata, yaani yale meno ya mpira yanayokanyaga barabara, zikiwa bado nzima.

Halafu umri. Ubavuni tafuta herufi DOT, mwisho wake kuna tarakimu nne, mbili za kwanza ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka. Sisi mbili ziliandikwa 1416, wiki ya 14 mwaka 2016. Ndio hapo lile neno lake "zimefika juzi" linapoeleweka, inawezekana kweli zilifika juzi, lakini zilizaliwa 2016. Zile nyingine mbili tarakimu zimekwanguliwa, unapapasa kwa kidole unahisi palipokwaruzwa. Na kuna jambo watu wengi hawalijui: hizo tarakimu za tarehe kiwandani mara nyingi huwekwa upande mmoja tu wa tairi. Yeye huufunga huo upande uangalie ndani, kule kwenye springi, kwa hivyo ukizunguka gari lako na tochi nje utaona DOT bila tarehe na utadhani ndivyo ilivyo. Mimi nililala chini kabisa mgongoni ndio nikaziona. Michelin wenyewe wanashauri tairi ikishafika miaka 5 ikaguliwe na mtaalamu kila mwaka, na ikifika 10 itolewe hata kama kashata bado ndefu. Na sisi wa pwani magari haya yanakaa msimu mzima yameegeshwa juani yakingoja wageni, mpira unazeeka bila kutembea, kwa hivyo kashata isikupe imani, kwa gari la kulalia tarehe ndio kwanza.

Spea nayo ikabadilishwa. Yetu ilikuwa nzima, haijagusa lami sana, tukarudishiwa moja ina kiraka ubavuni, na ubavu hauzibwi, hilo fundi yeyote mkweli atakwambia. Tairi zetu kuukuu akasema "tushazitupa". Valvu hazikubadilishwa, zikarudishwa zilezile. Na kwenye bili kuna pesa ya gesi ya naitrojeni, dereva aliona kwa macho yake mpira wa kujazia ni uleule wa kompresa ya kila mtu. Hewa ya kawaida asilimia 78 yake tayari ni naitrojeni, msilipie.

Mwingine alinieleza aliuziwa hapohapo tairi zilizochongwa, yaani kipara kinachorwa kashata upya kwa kisu cha moto. Hizo mimi sijaziona ila njia ya kuzitambua ipo: ndani ya mifereji ya tairi kuna vituta vidogo vya mpira, ubavuni vinaonyeshwa kwa TWI au kialama cha pembetatu, vikisawazika na kashata ujue imebaki milimita 1.6 na tairi imekwisha. Kisu kikipita kinavikata vile vituta. Mfereji mrefu bila hata kituta kimoja, ondoka.

Tuliporudi dukani hakukana sana. Akasema, "Hizo namba ni za kiwandani bosi, mteja hazimhusu." Nikamwonyesha meseji niliyoandika C, akasema C ni jina la kampuni. Kisha akataka tumwonyeshe risiti, na risiti aliyokuwa ametupa ni kikaratasi kimeandikwa "tairi 4 ringi 15" basi, hakuna saizi kamili, hakuna namba ya mzigo. Pesa tulilipa kwa tili, ile namba ya biashara ya M-Pesa, na jina lililotokea kwenye ujumbe wa M-Pesa ni la biashara nyingine kabisa, ya nguo. Tili ikija na jina usilolijua simamisha hapohapo, maana baadaye atakwambia mwenye tili simjui.

Kwa hivyo ukinunua, popote pale, itisha risiti ya eTIMS, ile ya kielektroniki ya KRA ya kodi, na iandikwe saizi yote mpaka namba ya mzigo na zile tarakimu nne za kila tairi, na uzisome wewe tairi ikiwa bado chini haijapanda kwenye ringi. Ukae karibu na mafundi, chai utakunywa nyumbani. Mwambie upande wenye tarehe uje nje. Valvu mpya, balansi mbele ya macho yako, nati zikazwe kwa spana ya kupimia nguvu na uzikaze tena baada ya kilomita 50 hadi 100. Upepo pima asubuhi tairi zikiwa baridi, si saa saba mchana upande mmoja umechomwa na jua. Wale wenye makempa makubwa ya Ulaya, Ducato na kadhalika, tairi zenu zina herufi CP, hizo zimetengenezwa kwa magari ya kulalia hasa na nyuma huenda mpaka bar 5.5, karibu psi 80, na valvu ziwe za chuma kwa sababu zile za mpira za kawaida mwisho wake ni psi 65. Huyu jamaa alimwambia Mwitaliano mmoja kwamba C na CP ni kitu kimoja, nilikuwepo nikisikia siku ile ya kurudisha, nikamwita huyo Mwitaliano pembeni nikamwonyesha ubavu wa tairi zake za zamani.

Mpaka naandika hivi amerudisha pesa ya tairi mbili, za mbili zilizobaki amekuwa hapokei simu. Tairi zote nne nimezitoa, nimezifungia stoo na picha za namba zote ninazo, pamoja na meseji na ule ujumbe wa M-Pesa. Tunaenda Mahakama ya Madai Madogo, inasikiliza madai yasiyozidi milioni 1 na huhitaji wakili, na Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 inatutosha kabisa kwa aliyeuziwa kitu sicho. Malalamiko KEBS, shirika la viwango, yanakwenda pia. Kama uliuziwa tairi hapa mjini na umesoma ukaona yanafanana na yako, toa gari nje saa hii, lala chini na tochi, piga picha ubavu wa ndani na wa nje, usizirudishe dukani kabla hujapiga picha, kisha niandikie faragha tuunganishe ushahidi. Na kama gari lako liko njiani kuelekea Sala au Garsen na lina 96S, simama Kakoneni au Gongoni, punguza maji kwenye tangi, na urudi polepole.